Mlete Aliyekupokea

Kwa Bi Suad,
Nyuma ya soko,
Tukuyu, Rungwe.
14 Juni 2025.

Mpendwa kaka yangu Hasheem,

Assalaam aleykum. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na wifi yangu bado ana subira na wewe na hao watoto wako watundu. Mama je? Miguu imepungua kuvimba? Dawa za presha anazimeza, au anazitazama tu na kuzirudisha kwenye kopo kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku ndiyo inayonitesa. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, nguo nilizofua tangu juzi bado mbichi, na nalala na soksi kama bibi kizee.

Idi nimeila ugenini. Bi Suad alipika pilau ya haja na akanilisha kwa nguvu, lakini ilikuwa Idi yangu ya kwanza bila mkono wa Mama, na chakula hakikupita vizuri. Mola amlipe Bi Suad. Nimemlemea nyumbani kwake na hajanikunjia uso hata siku moja.

Najua utacheka, barua zama hizi! Ndugu yangu, umenilazimisha. Nikipiga simu nikataja Kisondela, mtandao wa kwako unakatika. Nikituma ujumbe wa sauti, naona umeusikiliza na hujibu. Barua haikatiki. Nimeiweka juu kabisa ya maparachichi kwenye boksi nililolipakia kwenye basi, ili usije ukasema hukuiona. Yale magumu yaviringishe kwenye gazeti, yataiva.

Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Usimwambie Mama lolote mpaka umalize kusoma. Yeye anajua nimefuata mchele Mbeya. Na mchele nimenunua kweli, uko stoo Uyole unanisubiri, kwa hiyo uongo wangu ni nusu tu.

Unakumbuka arobaini ya Baba, Bi Suad, jirani wa zamani wa Mama huku Tukuyu, alivyonishika kidevu mbele ya watu akasema nimekuwa Anyosisye mtupu? Na Mama alivyomkata jicho? Wewe ulikuwepo. Maisha yetu yote Mama ametuambia kwamba mama aliyenizaa alifariki siku niliyozaliwa, na kwamba ndugu zake hawakunitaka. Basi huyo marehemu, Anyosisye, yuko hai, Hasheem. Yuko Kisondela, analima migomba na maparachichi, na asubuhi anawasha moto kama watu wengine. Uliniambia aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Sikukusikiliza. Kweli nimemwamsha, na usingizi wangu sasa ndio uliopotea.

Na wewe pia yanakuhusu, usijifanye mbali. Anyosisye alikuwa yaya wako. Alikuja kufanya kazi kwa Mama hapa Tukuyu, enzi za duka la Baba, wewe ukiwa mchanga. Ukitoa mgongo wa Mama, mgongo wa kwanza uliolalia ni wa mama yangu. Bi Suad anaapa kwamba kila alipokuvisha kanga safi uliilowesha.

Baba yangu mzazi alikuwa kijana wa Isongole, dereva wa malori ya viazi. Alikufa kwenye ajali kabla sijazaliwa. Kwa huyo sina zaidi ya dua. Lakini Anyosisye ana mdogo wake wa kiume, Ambwene, mkulima huko huko Isongole, na Bi Suad ndiye aliyenipeleka kwake. Nilimwita mjomba tangu siku ya kwanza na ulimi haukunigomea. Neno "mama" ndilo linalonishinda, kwa sababu lina mwenyewe, na yuko Tanga. Kwa hiyo humu barua nzima nitamwita Anyosisye, na usinione sina adabu.

Sasa nikueleze nilivyoharibu.

Siku chache kabla ya Idi mjomba Ambwene alinipeleka Kisondela. Pikipiki zilituacha barabarani, tukateremka kwa miguu katikati ya migomba, mimi na viatu vyangu vya mjini, matope mpaka kwenye kifundo. Anyosisye ni mjane. Mumewe aliitwa Yohane, na amebaki kwenye mji wa mumewe, nyumba ya bati, safi, maua ya makopo mlangoni. Tulikaribishwa ndani, akatokea jikoni na chupa ya chai.

Hasheem, ni mimi. Paji la uso ni langu, mabega ni yangu, hata ule mguu wangu wa kushoto mnaoucheka kwa kwenda upande, umetoka kwake. Alinitazama, akanyoosha mikono. Nami nikasimama. Mara kikasikika kikohozi cha mtu njiani, na mjomba akatoka kwenda kumpokea. Anyosisye akashtuka, akajifunika kitenge kichwa chote na uso, akageuka, akatoka kwa mlango wa nyuma mbio. Chupa ikapinduka, chai ikamwagika sakafuni.

Nilingoja. Nje nilisikia wazee wanaamkiana kwa Kinyakyusa, taratibu, kama watu wenye siku nzima ya kuamkiana. Ndani nilikuwa peke yangu na chai iliyomwagika. Nilijiambia: amekuona, hakupenda alichokiona, amekimbia.

Hasira zangu unazijua, umezila tangu utoto. Nilitoka nje. Alikuwepo mzee sana mwenye fimbo, na mwanamume mwingine aliyemshika mkono, na wanawake wa jirani waliokuja kuchungulia mgeni. Nikasema kwa sauti, Kiswahili kilichonyooka, wote wasikie: "Alinitupa nikiwa mchanga, na leo amenitupa tena nikiwa mtu mzima. Basi, nimekoma!" Mjomba aliniita, sikugeuka. Nilipanda kile kilima nikilia, nikapata bodaboda, na kabla ya kufika Tukuyu nilikuwa nimeshaifungia namba yake isinipate.

Idi ilipopita Bi Suad akanikalisha kitako. Alikuwa amechoka kunitazama nikinuna. Nilipomsimulia, alijipiga mapaja kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hakukukimbia wewe! Kamkimbia mkwewe! Yule mzee ni baba yake marehemu Yohane. Hawa wenzetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe uso kwa uso, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Wenyewe wanaita ukutila. Siku hizi vijana wameacha, lakini wale wa zamani, mzee akikohoa tu mke wa mwanawe yuko migombani. Wewe hukujua?"

Ningejuaje? Nimekulia Ngamiani ya Tanga mimi. Mzee huyo, anaitwa Abrahamu, hakutarajiwa siku ile. Alisikia tu kuna mgeni akaja kuamkia, na Anyosisye akafanya alichofanya tangu alipoolewa. Angezunguka migombani na kurudi kwangu mzee akishakaa barazani. Kinachoniuma ni kwamba Mama ameishi hapa, angeniambia. Ningemuaga vizuri kabla ya kusafiri, badala ya kumdanganya kwa habari za mchele, angenifundisha yote hayo jioni moja, na haya ninayokuandikia yasingekuwepo. Ulimi hauna mfupa, kaka, lakini umevunja nyumba ya mtu.

Nikaifungua namba ya mjomba nikampigia. Hakunilaumu, na heri angenilaumu. Aliniambia hali ilivyo.

Yohane alijua habari zangu. Anyosisye alimwambia kabla ya ndoa, naye akalifunika hilo mpaka kaburini. Baba yake na ndugu zake hawakujua kitu. Yohane na Anyosisye wenyewe hawakujaliwa mtoto, na miaka yote hiyo ukoo ulimwita Anyosisye mgumba, mbele yake, na yeye akameza. Neno moja tu, "nilishazaa," lingewafunga midomo. Hakulisema, kwa sababu lingemvunjia mumewe heshima. Nimekuja mimi nikalisema kwa niaba yake, tena kwa kelele, tena vibaya.

Yule mwanamume aliyemshika mzee mkono ni Lazaro, mdogo wake Yohane. Huyo sasa ndiye anayepiga mbiu. Anasema Anyosisye alizaa akatupa mtoto, ndiyo maana Mungu hakumpa mwingine, na mkosi huo ndio uliomuua Yohane. Anataka aondoke, arudi kwao Isongole, na shamba lirudi kwenye ukoo. Wakimuuliza ushahidi anajibu, "Mtoto mwenyewe kasema. Mnataka shahidi gani tena?" Nami nakwambia, kabla ile miti ya parachichi haijaanza kuzaa na wanunuzi kuja na magari, Lazaro hakuwa na habari na lile shamba wala na mkosi.

Na Anyosisye hawezi kujitetea. Hapo ndipo penye balaa. Mwenye neno la mwisho kwenye ule mji ni Mzee Abrahamu, na kwa Mzee Abrahamu yeye hana mdomo. Tangu aolewe hajawahi kumwambia hata shikamoo.

Nilirudi Kisondela. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba. Safari hii hakukimbia, wala hakunyoosha mikono. Alipangusa panga kwenye jani, akaniambia kwa ile sauti yao inayoimba, "Ulipoondoka nilijua umeniona nilivyo mshamba, ukakinai." Kumbe naye alikuwa amebeba mzigo kama wangu! Alizunguka kurudi ndani akakuta kiti kitupu na chai inakauka sakafuni. Tulikaa pale chini tukalia, kila mtu na kilio chake.

Usiniulize kama nimempenda. Nilitaka, na haikuja. Ilikuja huruma kwanza, na aibu, na hamu ya kumshika zile nyufa za mikono. Yeye ananiita Tusajigwe, jina alilonipa yeye, maana yake tumebarikiwa. Mara mbili aliniita sikugeuka, sikujua naitwa mimi.

Hasheem, hapa soma polepole, na kama umesimama, kaa. Nilimuuliza kwa nini aliniacha. Alinishangaa. Anasema hakuniacha. Baada ya kujifungua aliugua homa kali, maziwa yakakataa kabisa. Mama alikuwa bado anakunyonyesha wewe, akanichukua mimi akaniweka ziwa la pili. Ndivyo tulivyokuwa ndugu wa kunyonya, hilo Mama hakutudanganya. Anyosisye akapelekwa kwao Isongole kuuguzwa. Yeye na Mama waliagana mlangoni mwa duka kwamba akipata nafuu atarudi kuchukua mtoto wake. Alipopata nguvu ya kutembea alirudi. Duka lilikuwa na kufuli. Majirani wakamwambia wenyewe wamehamia Tanga.

Tanga ilikuwa wapi kwa msichana yule? Hakuwa na anwani, hakuwa na nauli, na baba yake alimwambia heri yaishe hivyo. Aliendelea kuja Tukuyu kila siku ya soko kuuliza, mpaka watu wakamchoka. Bi Suad amekiri kwamba kweli alikuwa anakuja, na kwamba yeye mwenyewe alidhani Mama amemwandikia. Halafu akaolewa.

Nimekaa na maneno haya siku kadhaa na sijui niyaweke wapi. Mama yetu hawezi kuwa mwizi. Mama yule anayegawa futari kwa wapita njia? Lakini baada yako aliambiwa hazai tena, hilo unalijua, na alikuwa anatamani mtoto wa kike. Na mimi nilikuwa kifuani kwake tayari. Nikifikiria hivyo namwelewa, na nikimwelewa nakasirika, kisha namkumbuka alivyonibeba hospitalini nilipougua surua, nalia upya. Simhukumu. Nimekula mkono wake mpaka leo, na kila nilicho nacho katika tabia njema ni chake. Hasira tu ndiyo yangu.

Nilikwenda kwa Mzee Abrahamu mwenyewe, mimi na mjomba. Mjukuu hazuiwi kusema naye. Nilipiga magoti nikaamkia kama nilivyofundishwa, nikamwambia neno lile nililisema kwa ujinga, nalirudisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yamefifia lakini akili kali. Akasema:

"Ndaga fijo, asante sana kwa kurudi, mwanangu. Mimi na mkwe wangu hatuna ugomvi. Tangu Yohane afe, chakula changu kinatoka jikoni kwake, wanawake wananiletea. Uso wake siujui, mkono wake naujua. Lakini wewe ulisema alikutupa, ulisema mbele ya mji wangu, na ukoo umesikia. Leo unasema hakukutupa. Ulijuaje jana, na umejuaje leo? Mtoto hashuhudii kuzaliwa kwake. Mlete aliyekupokea."

Nilihesabu waliobaki. Bi Suad hakuwepo walipoagana mle mlangoni. Baba yetu amekufa, wazazi wa Anyosisye wamekufa. Aliyenipokea ni mmoja tu duniani, naye saa hii pengine anamkaripia wifi yangu kwa kuzidisha chumvi.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Mzee amekubali Mama asisafiri, akijua ni mtu mzima na safari ni ndefu. Atasema kwa simu, sauti iwekwe juu, watu wote wasikie. Anachotakiwa kusema ni kwamba Anyosisye alimwachia mtoto anyonyeshwe akiwa mgonjwa, na kwamba alisema atarudi. Basi. Lakini wewe na mimi tunajua swali litakalofuata. Lazaro atauliza: na aliporudi, mlimrudishia? Hapo mimi siwezi kumsaidia Mama, wala wewe huwezi.

Utauliza kwa nini nisimpigie mwenyewe. Nimeshika simu mara nyingi, kaka. Nikisikia sauti yake tu inaniuliza kama nimekula, nitaanza kulia, naye atalia, nami nitamwambia basi Mama, yaishe, sahau. Na huku mwanamke mwingine atafunga vitu vyake kwenye kitenge na kupanda kile kilima, kwa ajili ya neno langu. Wewe una moyo mgumu kuliko mimi, nimekutukana kwa hilo maisha yote, leo nauhitaji.

Mkalishe mkiwa wawili, watoto wakiwa shule. Usimsomee barua hii yote. Kwanza kabisa mwambie kwamba akisema au akinyamaza, narudi nyumbani. Chumba changu asimpe mpangaji, mimi ni mwanawe na sina mpango wa kuacha. Hilo lazima lianze, ili atakalolisema lisitoke kwenye woga wa kunikosa. Akishalisikia na kuliamini, ndipo umwambie habari za Anyosisye. Usimlazimishe. Lakini usimfiche pia kwamba akinyamaza, Jumamosi ile jioni Anyosisye hatakuwa na kwake.

Nami nitakubali atakavyochagua. Naandika hivyo, na sijui kama ni kweli. Sijui nitamtazamaje akinyamaza. Niombee nisije nikalijua hilo.

Nisalimie wifi Rahma kwa mapenzi, na Kheri na mdogo wake, uwaambie shangazi yao hajaliwa na baridi. Nisalimie Ma'mkubwa Sauda na majirani wote wa barazani. Bi Suad anakusalimu, anasema oa wa pili, akikuzalia binti umpe jina la yaya wako, lakini wewe msamehe, ni mzee. Mjomba Ambwene anakusalimu ingawa hamjuani. Mwenyezi Mungu akulindie nyumba yako, ampe Mama afya na ulimi mwepesi, na atukutanishe kwa heri.

Salamu ya mwisho siyo yangu. Nilipomwambia Anyosisye kwamba naandika Tanga, nilimuuliza kama ana neno kwa Mama. Nilitegemea lawama, na ningeziandika, ana haki nazo. Alikuwa anamenya ndizi. Alimenya mpaka zikaisha, akaosha mikono, ndipo akasema. Umfikishie Mama kama ilivyo, usipunguze wala usiongeze:

"Mwambie Mama Hasheem, mtoto nimemwona. Amekua vizuri. Ndaga fijo."

Wako akupendaye hata ukinikatia simu,
nduguyo wa ziwa moja,
Najat.